Kusoma ni kitenzi ama ni nomino? Historia ya swali lililonikosesha pesa

Leo sina video. Hii ni ya kusoma na ni ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Hiyo stori nilishaisimulia, siirudii. Kitu sijawahi kuwaambia ni kwamba niliporudi nyumbani hapa Membley, kabla hizi posti zangu zianze kunilipa hata pesa ya bando, nilikuwa nafanya kazi ya kuweka lebo kwenye maneno. Unaketi na laptopu, unaletewa sentensi ya Kiswahili, na kila neno unalibandika aina yake: hili nomino, hili kitenzi, hili kivumishi, hili kihusishi. Sentensi ikiisha inakuja nyingine. Kompyuta itakuja kujifunza Kiswahili kutokana na hizo lebo zako. Unalipwa kwa sentensi zilizokubaliwa peke yake. Zikikataliwa, hiyo ilikuwa kazi ya bure.

Siku moja ikaja sentensi iliyoanza hivi: "Kusoma kwake kumemfungulia milango." Mimi nikaweka "kusoma" kwenye kisanduku cha nomino. Ikakataliwa. Mwongozo ulisema neno lenye ku- ya kitenzi ni kitenzi, basi. Sawa, nikaanza kufuata mwongozo. Siku mbili baadaye mkaguzi mwingine akanikatalia rundo la sentensi kwa sababu ya kinyume kabisa: ati hapo "kusoma" ni nomino, si kitenzi. Zaidi ya sentensi 40 zikaenda hivyo. Nilipouliza ni sheria gani tunafuata, hakuna aliyejibu.

Manze nilikasirika. Lakini ile hasira ndiyo ilinifanya nianze kutafuta hili swali limetoka wapi. Nikagundua watu wameligombania tangu zamani sana, kabla ya kompyuta, kabla ya Kenya. Na wale waliolifikiria vizuri hawakukubali kuwekewa visanduku viwili tu.

Tuanze na kile kila mtu aliyefanya mtihani Kenya anakijua. Kwenye aina za nomino, baada ya nomino za pekee, za kawaida, za dhahania na za makundi, mwalimu aliongeza moja: kitenzi-jina. Angalia hilo jina lenyewe. Ni kitenzi, halafu ni jina, na katikati kuna kistari. Mtoto wa shule ya msingi anakubali bila shida kwamba neno moja linaweza kuwa vitu viwili. Ngeli yake anajua ni ya KU.

Sasa nitawapa mfano wangu wa kweli, na hautoki kwenye kitabu. Nyumbani tunaongea Gĩkũyũ, lakini baba akiumia sana huandika Kiswahili sanifu. Wiki niliyoacha chuo alinitumia ujumbe wa sentensi moja: "Kutomaliza kwako chuo kumetuumiza mimi na mama yako."

Weka maumivu kando kidogo, tuangalie hilo neno "kutomaliza". Lina -to- ya kukanusha. Nomino ya kawaida haikanushwi hivyo, husemi "kitoti" ukimaanisha kitu ambacho si kiti. Lina yambwa mbele yake, "chuo", kile ambacho hakikumalizwa. Hizo ni tabia za kitenzi. Lakini tazama upande wa pili. Linamilikiwa: "kwako". Yaani kutomaliza ni kwangu, kama vile kiti ni changu na nyumba ni yangu. Na ndilo kiima cha sentensi: kutomaliza kumeumiza, ku- inakubaliana na ku-. Hizo ni tabia za nomino. Kwa hivyo neno moja, kwa wakati mmoja, ndani ya sentensi moja, linafanya kazi zote mbili. Yule mkaguzi wa kwanza alikuwa sahihi. Wa pili pia alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye fomu.

Wagiriki walikutana na shida inayofanana na hii. Kitabu cha sarufi kinachohusishwa na Dionysius Thrax wa Alexandria, karne ya 2 kabla ya Kristo, kiligawa maneno katika aina nane. Aina mojawapo ilikuwa ya maneno yaliyoundwa kwa vitenzi lakini yanayonyambuka kama nomino. Hawakuyalazimisha kuingia upande mmoja. Waliyapa kundi lao na wakayaita kwa neno lenye maana ya kushiriki, kwa sababu yanashiriki tabia za huku na za kule.

Waarabu nao waligawanyika vibaya. Wanasarufi wa Basra walisema chanzo ni masdar, yaani jina la tendo, na kitenzi kimetokana nalo. Wale wa Kufa wakasema hapana, kitenzi ndicho chanzo. Walijengeana hoja kwa hoja, na mzozo wao ukaandikiwa vitabu. Usidhani hayo ni mambo ya mbali. Kiswahili kilipochukua maneno ya Kiarabu pwani kiliyachukua kwa mitindo mingi, na sisi tunaishi na matokeo yake. Tunasema "subiri" ni kitenzi na "subira" ni nomino. "Furahi" na "furaha". "Shukuru" na "shukrani". Hapo angalau sauti inakusaidia. Lakini "jibu" je? "Jibu hilo swali." "Jibu hilo si sawa." Herufi ni zile zile nne, moja amri na moja kitu. "Hesabu" vilevile. Mtu anajua kwa kusoma sentensi yote. Kompyuta ikiletewa neno peke yake, haina pa kushikilia.

Halafu wakaja wamishonari na wasomi wa Ulaya. Edward Steere alikuwa Zanzibar, na kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilitoka 1870. Alipopanga ngeli, kundi lake la mwisho, la nane, aliwapa vitenzi vyenye ku- vinavyotumika kama nomino. Miaka michache kabla, Wilhelm Bleek, aliyekuwa Cape Town, alikuwa ameshaanza kuzipa ngeli za lugha za Kibantu nambari, na Carl Meinhof wa Ujerumani akaja kuendeleza. Kwenye hesabu hiyo ku- ya vitenzi ni nambari 15, na mpaka leo wanaisimu wa dunia nzima wanasema ngeli ya 15. Kwa hivyo hata kwenye vitabu vya karne ya 19, "kusoma" ilikuwa na kiti kwenye meza ya nomino. Hakuna aliyeifukuza.

Na hapa kwetu Kiambu kuna ushahidi mwingine mtamu. Kwa Gĩkũyũ, sikio ni gũtũ, mguu ni kũgũrũ, mkono ni guoko. Hizo zote ni za ngeli hiyo hiyo ya 15, na hakuna kitenzi hata kimoja ndani yake. Ni viungo vya mwili kabisa, vinashikika. Wingi wake ni matũ, magũrũ, moko. Kwa hivyo sheria ya kusema "likianza na ku- ni kitenzi" haiwezi hata kuvuka kutoka sebuleni kwetu mpaka jikoni kwa cũcũ. Mtu akiibeba sheria hiyo na kuipeleka kwa lugha ya jirani, sikio litakuwa kitenzi.

Lakini ku- ni mwanzo tu. Kitenzi cha Kiswahili kinazaa. Chukua "soma": msomaji, msomi, usomaji, usomi, somo, masomo, kisomo. Chukua "pika": mpishi, upishi, mapishi, pishi. "Imba" inatoa wimbo na mwimbaji. "Tuma" inatoa mtume. "Umba" inatoa kiumbe. "Iba" inatoa mwizi. Kila mwisho una kazi yake. Na kuna wale wanaobeba yambwa hadi ndani ya jina, kama mla rushwa na mfanyabiashara. Hao ni nomino, hakuna ubishi, lakini bado wanakula na kufanya kitu.

Waandika kamusi walilazimika kuamua hawa watoto walale nyumba gani. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka 1939 chini ya Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ilifuata njia ya ukoo: ukitaka nomino nyingi zilizotokana na kitenzi, unazipata chini ya kitenzi chenyewe, familia nzima pamoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, Dar es Salaam, 1981, ikaenda kwa njia ya mlango: msomaji anakaa kwenye M, usomaji kwenye U, kisomo kwenye K. Ni rahisi zaidi kwa mtu anayetafuta neno haraka, lakini familia imetawanyika mitaa tofauti. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawajawahi kuliona: "kusoma" yenyewe huipati kwenye K. Kamusi zetu huingiza "soma", bila ku-. Neno ambalo kila mtu anasema kila siku halina mlango wake.

Mnaweza kuniuliza, sasa inamsaidia nani kujua kwamba msomaji ametoka kwa soma? Wacha niwape historia ya jina moja tu.

Cũcũ alikuwa akiita watu fulani "athomi". Nilidhani ni jina la ukoo. Kumbe ni nomino iliyotokana na kitenzi, gũthoma, ile ile soma yetu. Kwa maana ya neno, athomi ni wasomaji. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, misheni zilipofunguliwa Thogoto, Kabete, Kambui na kwingine, athomi likawa jina la kundi la watu: waliobatizwa, waliokwenda shule, waliovaa nguo za kizungu, walioacha baadhi ya mila. Uganda ilikuwa hivyo hivyo hata kabla: Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi. Na Waluo, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa, walilichukua neno na kulivalisha kiambishi chao: jasomo, mtu wa kusoma. Kitenzi kimoja kilizunguka ziwa na kikaacha nyuma yake tabaka la watu. Mashamba, kazi za ukarani, uchifu, hayo yote yaligawanywa kwa kufuata nani ni mũthomi na nani si mũthomi.

Na Kiswahili bado kinaigawa hivyo, kwa vokali chache tu. Msomaji ni mtu anayesoma. Msomi ni mtu aliyesoma akamaliza, mwenye cheti ukutani. -aji inakupa tendo lenyewe, bado linaendelea. -i inakupa hadhi. Mimi nasoma kuliko nilivyowahi kusoma nikiwa chuo, naweza kuitwa msomaji bila ubishi. Lakini msomi? Mwambie baba yangu uone. Sasa mashine ikiandikiwa tu "nomino" na "nomino" kwa haya maneno mawili, bila kuambiwa yametoka kitenzi gani wala kwa mwisho upi, imepoteza miaka mia moja ya historia kwa kubonyeza mara mbili.

Tuje kwa kompyuta basi. Visanduku tulivyopewa vilichongwa kwa ajili ya Kiingereza. Miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, kilikusanya maneno milioni moja ya Kiingereza, na baadaye yakawekwa lebo za aina za maneno. Mradi wa Penn Treebank wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ukafuata, na mwongozo wake wa kuweka lebo, ulioandikwa na Beatrice Santorini mwaka 1990, ulikuwa na lebo 36 za maneno. Huko nako walihangaika na jambo hili hili. Maneno yao ya kitenzi yanayoishia na -ing yanaweza kuwa nomino au kitenzi, na ilibidi mwongozo utoe majaribio: je, lina wingi? Je, linatanguliwa na kivumishi? Ona tofauti. Wao waliwaandikia wafanyakazi wao namna ya kuamua. Sisi tuliambiwa ku- ni kitenzi, endelea.

Na cha kuuma zaidi, Kiswahili hakikuwa kimekosa mtu wa kukifikiria. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alichapisha mwaka 1992 maelezo ya mfumo wa kompyuta wa kuchambua maneno ya Kiswahili, uliojengwa juu ya nadharia ya mwenzake wa Helsinki, Kimmo Koskenniemi, ya mwaka 1983. Mwaka 1996 akaeleza hatua inayofuata, na kwangu hii ndiyo akili yenyewe. Kwanza mfumo unalipa neno tafsiri zake zote zinazowezekana. Haulazimishi kitu. Halafu kanuni zinaangalia majirani wa neno na kuondoa tafsiri ambazo haziwezekani hapo. "Jibu" likifuata "nipe", ile amri inaondoka na nomino inabaki. Yaani uamuzi unafanywa na sentensi, si na herufi mbili za mwanzo.

Kutokana na kazi hiyo kukawa na mkusanyo wa matini za Kiswahili wa Helsinki, mamilioni ya maneno yenye lebo. Na mwaka 2006 Peter Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver, waliutumia mkusanyo huo kufundisha programu zijiwekee lebo za Kiswahili zenyewe. Hapo mimi nilikuwa bado nanyonya. Yule aliyetuandikia ile sheria ya ku- alikuwa na wakati wote huo wa kuuliza.

Hata mfumo unaotumika sana sasa una nafasi. Unaitwa Universal Dependencies, una lebo 17 za aina za maneno kwa lugha zote. Mwaka 2023 watafiti wa MasakhaPOS waliutumia kwa lugha 20 za Afrika, zikiwemo Kiswahili, Kiganda na Dholuo. Hapa Kenya, mradi wa Kencorpus uliweka lebo maneno 50,000 ya Dholuo na 93,000 ya Kiluhya. Lebo 17 ni chache, ndiyo. Lakini chini ya kila lebo unaruhusiwa kuongeza sifa. Kuna sifa ya umbo la kitenzi, na moja ya thamani zake ni ya nomino ya tendo. Maelezo yake yanasema kwamba wengine huiita masdar. Nilicheka niliposoma hapo. Ule ubishi wa Basra na Kufa umekaa ndani ya kompyuta, unangoja mtu abonyeze.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Anayeniambia kwamba Kiswahili ni kigumu kwa mashine, namwambia kifaa kipo. Weka vitu viwili kwa kila neno: limetoka wapi, na hapa linafanya kazi gani. "Kusoma" ndani ya "nataka kusoma" na "kusoma" ndani ya "kusoma kwake" zina asili moja na kazi tofauti, na zote mbili ziandikwe. "Msomaji" iandikwe nomino, halafu ionyeshwe mzazi wake ni soma. Hilo linaongeza muda kwa kila sentensi, nakubali. Na muda ni pesa, ndiyo maana halifanywi. Inakuwa rahisi kuwa na sheria fupi na kumkata mshahara kijana wa Ruiru inapogonga ukuta. Lebo mbovu haimuumizi aliyeibuni. Inamuumiza aliyeiweka kwanza, halafu baadaye inamuumiza kila mtu atakayeuliza simu yake swali kwa Kiswahili na kujibiwa upuuzi.

Kuna wasomaji wangu wanaofanya hii kazi sai, najua, mmeniandikia. Mkikataliwa sentensi za ku-, msijione wajinga. Piga picha ya skrini, andika sentensi yenyewe, onyesha kiambishi cha umiliki na upatanisho, uulize kwa maandishi ni kanuni gani inatumika. Mkiwa wengi mkiuliza swali moja, ni vigumu kukaa kimya.

Na ule ujumbe wa baba? Bado uko kwenye simu. Kwa muda mrefu niliusoma kama kitenzi tu: kuna kitu sikufanya, siku fulani, kikaisha. Siku niliyoketi kuuchambua neno kwa neno ndipo niliona ile "kwako". Kwake yeye kile kilikuwa nomino pia, kitu kilichoingia nyumbani Membley kikakaa nasi mezani. Nilimpigia jioni hiyo. Sikumweleza habari za ngeli. Nilimuuliza tu kama amekula.